George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyemshitaki mfalme Leopold kutoka Kisangani

Mashua yoyote inayotoka Kinshasa kwenda Kisangani lazima ipite mbele ya Yangambi. Hakuna njia ingine ya maji. Inapita Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia. Inapita Isangi, kwenye mdomo wa Lomami. Kiisha, upande wa kushoto wa wale wanaopanda mto, ukingo wa Yangambi unaonekana, na kila abiria anajua kwamba Kisangani imekaribia, zimebaki kilomita kama 100 tu.

Katikati ya mwaka 1890, mashua moja ya moshi ilipita pale. Yangambi ya watafiti haikuwako bado. Ile INEAC ya Wabelgiji, ambayo leo ni INERA, ilianzishwa mwaka 1933. Ndani ya mashua alikuwamo mwanaume mweusi wa miaka 40. Hakuwa mwenyeji wa mto, hakuwa askari kutoka Zanzibar, wala hakuwa mpagazi. Alikuwa Mmarekani, jina lake George Washington Williams. Alipofika Stanley Falls, yaani Kisangani yetu ya leo, alimwandikia Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, barua ya wazi. Ndani yake alimshitaki kwa yale yote yaliyokuwa yanafanyika Kongo kwa jina lake.

Jina la Stanley linajulikana na kila mtoto wa shule. La Tippu Tip vilevile. Lakini huyu Mmarekani, aliyekuwa mtu wa kwanza kuandika mashitaka kamili juu ya utawala wa Leopold, tena akayaandikia hapa kwetu, wanamjua wachache. Kwao Marekani anatajwa kama mwanahistoria mkubwa wa watu weusi. Njia iliyomleta mpaka kwenye maporomoko ya Wagenia ilikuwa ndefu, na si yote ilikuwa nyoofu.

Mtoto aliyedanganya umri

Williams alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1849 huko Bedford Springs, katika jimbo la Pennsylvania, kaskazini ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi huru. Wakati ule, kwenye majimbo ya kusini, mamilioni ya watu weusi walikuwa bado watumwa, wanalima pamba na tumbaku bila mshahara. Kaskazini hapakuwa na utumwa tena, lakini mlango wa masomo ulikuwa mwembamba kwa mtoto mweusi. George alisoma kidogo sana.

Mwaka 1861 vita ilianza kati ya kaskazini na kusini. Mwaka 1864, akiwa na miaka 14 tu, George alitoroka nyumbani akaingia jeshi la kaskazini. Alibadilisha jina na kudanganya umri ili wamkubali. Karibu watu weusi 180.000 waliingia jeshi lile, wengi wao watu waliotoka utumwani. Mtoto huyu alipigana, akajeruhiwa, akarudi tena mapiganoni. Mwaka 1865 kusini ilishindwa na utumwa ukaondolewa kwa sheria.

Badala ya kurudi kwao, akavuka mpaka akaingia Meksiko, kwenye jeshi la rais Benito Juárez. Wazungu wa Ulaya walikuwa wamewawekea watu wa Meksiko mfalme wa kigeni, jina lake Maximilian, na Juárez alikuwa anapigana kumwondoa. Na mke wa Maximilian alikuwa nani? Charlotte wa Ubelgiji, dada wa Leopold wa Pili. Maximilian alipigwa risasi mwaka 1867. Kwa hiyo Williams alikuwa amepigana na ukoo ule wa kifalme miaka mingi kabla ya kuona maji ya Kongo, pengine bila hata kuwaza juu yake.

Aliporudi Marekani aliingia jeshi la farasi la 10, ambalo askari wake walikuwa watu weusi. Mwaka 1868 risasi ilimpiga kwenye pafu, na jeshi likamwachilia. Hakuwa bado na miaka 19.

Mchungaji, depite, mwandishi

Mwaka 1869 aliomba kuingia chuo kikuu cha Howard, kule Washington. Barua yake ya maombi ilijaa makosa, kama barua ya mtu aliyeanza tu kushika kalamu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1874, alimaliza masomo ya dini kwenye chuo cha Newton, karibu na Boston, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata diploma pale. Siku ya kumaliza alitoa hotuba juu ya Ukristo wa zamani wa Afrika.

Mwaka uleule alioa, akawekwa kuwa mchungaji wa kanisa la Wabatisti weusi mjini Boston. Lakini hakuwa mtu wa kukaa fasi moja. Mwaka 1875 alikwenda Washington kuanzisha gazeti, likafa upesi juu ya kukosa pesa. Mwaka 1876 alikuwa mchungaji tena, mara hii Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Huko aliandika kwenye gazeti la wazungu, akasoma sheria, kiisha akaingia siasa. Mwaka 1879 alichaguliwa kuwa depite wa jimbo la Ohio. Hapakuwa na mtu mweusi aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho kabla yake.

Akiwa katika kazi hizo zote, alikuwa anakusanya karatasi. Wakati ule vitabu vya historia ya Marekani viliandikwa kana kwamba watu weusi hawakufanya kitu chochote isipokuwa kutumikishwa. Williams alitaka kuandika historia yao tangu mwaka 1619, walipofikishwa Virginia, mpaka mwaka 1880. Alisoma sheria za zamani, magazeti, ripoti za jeshi na kumbukumbu za makanisa. Alituma barua huku na kule kuomba habari. Alikwenda kuwauliza wazee walioona mambo kwa macho yao. Kitabu kilianza kutoka mwaka 1882, chenye mabuku mawili na zaidi ya kurasa 1.000. Mwaka 1887 alitoa kingine juu ya askari weusi wa ile vita aliyopigana akiwa mtoto.

Namna hii ya kufanya kazi inafaa ikumbukwe. Kusoma karatasi za wakubwa, kisha kwenda kumuuliza mtu wa chini mwenyewe. Njo ile aliyokuja kuitumia kwenye mto wa Kongo.

Lakini hakuwa malaika. Alikuwa na madeni karibu kila mji aliopita. Aliachana na mke wake na mtoto wao wa kiume bila ndoa kuvunjwa kwa sheria. Alipenda vyeo: alijiita koloneli, cheo ambacho jeshi la Marekani halikumpa. Mambo haya yatarudi mbele kidogo, sababu adui zake waliyatumia vizuri.

Mwaka 1885 rais Chester Arthur alimteua kuwa balozi wa Marekani kule Haiti. Arthur alikuwa anamaliza muda wake. Rais mpya alipoingia, Williams alikatazwa kuchukua kazi.

Bendera ya Leopold ilivyopata rafiki Marekani

Ili kuelewa kwa nini Mmarekani mweusi alikuja Kongo, ni lazima kujua jambo lingine ambalo Wamarekani wengi wenyewe wamesahau. Serikali ya kwanza duniani kutambua bendera ya Leopold huku Kongo, ile ya buluu yenye nyota moja ya manjano, ilikuwa Marekani. Ilikuwa tarehe 22 Aprili 1884, chini ya rais Arthur huyohuyo. Ulaya ilikuwa haijakutana bado kule Berlin.

Aliyefanya kazi hiyo kwa niaba ya Leopold ni tajiri mmoja aitwaye Henry Shelton Sanford. Alikuwa amekuwa balozi wa Marekani mjini Brussels. Huko Florida, kusini ya Marekani, alikuwa na mashamba ya machungwa, na mpaka leo kuna mji unaoitwa Sanford, kwa jina lake. Sanford alikwenda Washington, akawapokea wakubwa kwenye meza nzuri, akawaeleza kwamba Leopold hatafuti faida, anataka kumaliza biashara ya watumwa na kufungua nchi kwa wafanyabiashara wote. Baadaye alifungua kampani yake mwenyewe kwenye mto wetu kutafuta pembe za tembo na mpira. Mashua yake moja aliiita Florida.

Sanford alisaidiwa na seneta John Tyler Morgan wa Alabama. Morgan alikuwa jenerali wa jeshi la kusini, lile lililopigana ili utumwa ubaki. Yeye alikuwa na hesabu yake: alitaka watu weusi wa kusini, waliokuwa sasa huru na wanadai haki ya kupiga kura, waondoke Marekani. Kongo aliiona kama fasi ya kuwatupa. Kwa hiyo nchi yetu ilipatiwa mwenyewe kule Washington kwa maneno ya watu wawili, mmoja anatafuta pesa na mwingine anatafuta kuwaondoa jirani zake. Mkongomani hata mmoja hakuulizwa.

Na Williams? Yeye vilevile aliamini. Kwake, Kongo ilionekana kama nchi ambako mtu mweusi msomi wa Marekani angeweza kufanya kazi yenye heshima, kazi ambayo kwao alikuwa ananyimwa juu ya rangi.

Maswali ya wanafunzi

Mwaka 1889 Williams alikwenda Ulaya kuandikia magazeti ya Marekani. Mjini Brussels mataifa yalikuwa yanajitayarisha kufanya mkutano mkubwa wa kupinga utumwa, na Leopold alikuwa mwenyeji wao. Mfalme alimpokea Williams nyumbani kwake. Leopold alijua kuongea na watu. Alimweleza kwamba yote anayofanya Kongo ni wajibu wa Mkristo kwa Waafrika maskini, wala hatafuti hata faranka moja irudi mfukoni mwake. Williams alitoka pale amefurahi na akaandika sifa za mfalme.

Alikubali pia kutafuta vijana weusi wa Marekani, mafundi na makarani, waje kufanya kazi Kongo. Akarudi kwao, akaenda Hampton, jimbo la Virginia, kwenye shule ya vijana weusi waliojifunza ufundi. Aliwaeleza habari ya Kongo. Wale vijana wakaanza kuuliza maswali juu ya maisha yenyewe ya kule. Williams hakuweza kujibu. Alikuwa anawaita watu waende nchi ambayo yeye mwenyewe hajaiona.

Mtu mwingine angetafuta maneno matamu ili apate watu wake. Yeye alisimamisha mambo akaamua kwenda kuona. Alikutana na rais Benjamin Harrison. Alipata pesa kidogo kutoka kwa Collis Huntington, tajiri wa reli aliyetaka kujua habari za ile reli ya Matadi iliyokuwa inapangwa. Alipopita tena Brussels, mfalme alijaribu kumzuia asiende sasa. Williams hakusikia. Mwezi wa Januari 1890 alipanda meli Liverpool, kule Uingereza.

Miezi sita Kongo

Alifika kwenye mdomo wa mto, akaona Boma, iliyokuwa makao makuu. Kutoka Matadi mpaka Stanley Pool, ambako leo ni Kinshasa, hapakuwa na reli. Kazi ya reli ilianza mwaka uleule wa 1890 na ilimalizika mwaka 1898. Watu walitembea kwa miguu wiki nyingi, na mizigo yote ilibebwa kichwani na wapagazi. Williams alitembea njia hiyo. Kiisha akapata mashua ya kupanda mto, zaidi ya kilomita 1.700 mpaka Stanley Falls.

Hapo njo tofauti yake na wasafiri wengine ilionekana. Wageni wengi wa wakati ule waliongea na maofisa, wakala nao, wakarudi kuandika vitabu. Williams aliongea na maofisa vilevile, na wamisionari na wafanyabiashara. Lakini aliwauliza pia wenyeji wa vijiji namna Leta inavyowatendea. Aliandika majibu, akapanga ushahidi kama avoka anayetayarisha kesi.

Basoko ilikuwa tayari kambi kubwa ya askari, iliyojengwa mwaka 1889 ili kuzuia Waarabu na Waswahili wasishuke mto. Juu zaidi, kule Stanley Falls, mambo yalikuwa ya ajabu. Kituo cha Leta kilikuwa kimewekwa na Stanley mwaka 1883. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip walikiteka, maofisa wakakimbia. Mwaka uliofuata Leopold alifanya nini? Alimpa Tippu Tip mwenyewe cheo cha gavana wa Stanley Falls, na mshahara wa kila mwezi. Mfalme aliyejitangaza Ulaya kuwa adui wa biashara ya watumwa alikuwa anamlipa mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote katika sehemu hii. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka kurudi Zanzibar, lakini watu wake walibaki.

Williams aliandika kwamba pale Stanley Falls aliletewa watumwa anunue, mchana kweupe. Usiku aliona mitumbwi imejaa watu waliofungwa pamoja kwa nguvu. Wakati huohuo, kule Brussels, mataifa yalikuwa yamekwisha kutia sahihi mkataba wa kupinga utumwa, tarehe 2 Julai 1890.

Siku 16 baada ya sahihi hiyo, tarehe 18 Julai 1890, Williams alimaliza barua yake.

Mashitaka 12

Ilikuwa barua ya heshima kwa mfalme, lakini ilipangwa kama hati ya tribunali, na mashitaka 12 yenye namba.

Williams alianza na namna nchi ilivyochukuliwa. Machifu walitia alama kwenye karatasi ambazo hawakuelewa, wakapewa vitambaa na pombe. Alieleza hila zilizotumika ili kuwaogopesha. Mzungu alificha betri za umeme chini ya koti, waya ikafika mpaka kwenye kiganja; akimpa chifu mkono, chifu anatetemeka na kudhani mzungu ana nguvu za ajabu. Au mzungu alitumia kioo kinachokusanya jua kuwasha sigara, kisha akasema jua ni rafiki yake na linaweza kuchoma kijiji akiliomba.

Kisha akafika kwenye utawala wenyewe. Vituo vya Leta havikuwa na chakula, kwa hiyo askari walitumwa kuchukua samaki, mbuzi, kuku na mboga za wanakijiji kwa nguvu. Wakikataa, nyumba zinachomwa. Wafungwa walifungwa minyororo ya ng'ombe shingoni, ikawakata mpaka vidonda. Mahakama hazikuwa na haki kwa mtu mweusi. Wanawake walikamatwa. Shule na hospitali zilizotangazwa Ulaya hazikuwako. Wagonjwa wa Leta walikufa bila munganga. Alisimulia juu ya maofisa wawili waliomwona mtu kwenye mtumbwi kwa mbali, wakawekeana dau la pesa nani atampiga risasi. Na alishitaki kwamba Leta yenyewe ilikuwa inanunua watu ili kuwafanya askari.

Hakumwacha Stanley. Aliandika kwamba jina la Bula Matari, lililosifiwa Ulaya, kwenye vijiji linaleta hofu na kumbukumbu ya ahadi zilizovunjwa. Mwishoni aliomba tume ya mataifa iundwe ije kuchunguza.

Barua haikuwa peke yake. Aliandika ripoti kwa Huntington juu ya reli, na ingine kwa rais Harrison, kwa sababu aliona Marekani ina deni: njo nchi ya kwanza iliyomtambua Leopold. Mwezi wa Septemba alimwandikia pia waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akasema Leta ya Leopold ina makosa ya jinai dhidi ya ubinadamu. Leo wakaaji wa Kisangani wanalijua neno hilo, tangu ile vita ya siku sita ya Juni 2000, na wale wa Ituri wamelisikia mara nyingi redioni juu ya mahakama ya La Haye. Mwaka 1890 lilikuwa halijazoeleka. Mahakama ya Nuremberg ilikuja kulifanya shitaka la sheria miaka 55 baadaye.

Walimshambulia mtu, wakaacha maneno

Barua ilichapwa kama kijitabu ikasambaa Ulaya na Marekani. Magazeti ya New York na Paris yaliitaja. Mjini Brussels iliwasha moto, mpaka ikazungumzwa bungeni mwaka 1891.

Lakini majibu yaligusa nini? Magazeti yaliyomtetea mfalme yaliuliza huyu koloneli alipata wapi ukoloneli wake. Yalichimba maisha yake, madeni yake, ndoa yake. Stanley alidai kwamba barua ni njia ya kutafuta pesa. Wakubwa wa Leta waliandika ripoti ndefu ya kujitetea. Na kweli cheo kilikuwa cha uongo, na kweli madeni yalikuwako. Kwa watu wengi hiyo ilitosha. Wakaiweka barua pembeni pamoja na mwenye kuiandika.

Swali la kama nyumba zilichomwa ama hazikuchomwa, kama mitumbwi ya Stanley Falls ilijaa watu waliofungwa ama hapana, halikutumiwa tume yoyote kulijibu. Mwandishi alikuwa mweusi, alikuwa peke yake, hakuwa na chama nyuma yake wala pesa za kuendesha kesi.

Tena hakupata wakati. Kutoka Kongo alipita Angola, akazunguka Afrika mpaka Misri. Kifua kilikuwa kinamuuma, na kifua kikuu kikamshika. Kutoka Misri akapanda meli kwenda Uingereza. Njiani alifahamiana na msichana wa Kiingereza, Alice Fryer, wakapatana kuoana, ingawa kule Marekani alikuwa bado na mke. Alice na mama yake walimpeleka Blackpool, mji wa pwani, wakitumaini hewa ya bahari itamsaidia. Alikufa huko tarehe 2 Agosti 1891. Alikuwa na miaka 41. Kitabu alichotaka kuandika juu ya Kongo hakikuandikwa.

Yaliyofuata

Baada ya kifo chake mpira ulipanda bei duniani, na mambo aliyoyaona yakazidi. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa kipimo, na walioshindwa walipigwa, wanawake wao wakashikwa rehani, watu wakauawa na mikono ikakatwa. Hesabu ya waliokufa bado inabishaniwa na wanahistoria, lakini wengi wanaongea juu ya mamilioni.

Sauti zingine zilikuja. Mmarekani mweusi mwingine, William Sheppard, mmisionari kutoka Virginia, aliandika juu ya mikono iliyokatwa kule Kasai. Mwingereza Edmund Morel alianzisha chama cha kupinga utawala huo. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Alice Harris alipiga picha zilizoonyeshwa makanisani Uingereza na Marekani. Mwaka 1904 Leopold alilazimika kutuma tume ya uchunguzi, kile kitu Williams alichoomba miaka 14 nyuma. Mwaka 1905 tume ilithibitisha mabaya mengi. Mwaka 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme ikawa koloni ya Ubelgiji. Kazi ya lazima haikuisha siku hiyo, wazee wa mashamba ya Tshopo walisimulia hayo kwa miaka mingi, lakini ile Leta ya mtu mmoja ilikwisha.

Kati ya majina ya watu waliopigania jambo hilo, la Williams lilikuwa limepotea. Mwanahistoria mweusi wa Marekani, John Hope Franklin, alianza kumtafuta mwaka 1945, baada ya kukutana na kitabu chake. Alifuata nyayo zake kwa miaka 40, nchi kwa nchi. Aligundua kaburi kule Blackpool, halina jiwe wala jina. Mwaka 1975 alisimamia jiwe likawekwa, na mwaka 1985 alitoa kitabu cha maisha ya Williams, chenye mazuri na mabaya yake yote.

Kaburi liko Uingereza, vitabu viko Marekani. Barua, yeye aliiandikia hapa, karibu na maporomoko ambayo Wagenia wanavua samaki mpaka leo, na tarehe iliyo juu yake inaonyesha kwamba ilitangulia ripoti ya Casement kwa karibu miaka 14. Mtoto wa Isangi ama wa Yangambi akifundishwa shuleni kwamba Wazungu wema wa Ulaya njo waliofumbua dunia macho juu ya Leopold, anaweza kumjibu mwalimu wake kwa heshima kwamba mashitaka kamili ya kwanza yaliandikwa Kisangani, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mweusi.